Kipande cha Chuma Kilichorudi Nyumbani

Na Mwandishi Wetu

DADA yangu ni fundi cherehani. Ana kibanda chake Mbagala, jijini Dar es Salaam, na kwa cherehani moja amesomesha watoto watatu. Jioni moja binti yake wa pili, aliyekuwa katika mwezi wa tatu wa masomo ya ufundi wa mitambo katika chuo kimoja cha hapa jijini, alirudi nyumbani, akafungua mkoba, akatoa kitu kilichofungwa kwa kitambaa chenye mafuta na kukiweka mezani mbele ya mama yake.

Kilikuwa kipande cha chuma chenye umbo la tofali dogo. Urefu wake ulikuwa sentimita kumi hivi, upana sita na unene tano. Uzito wake kilo mbili na ushei. Hakikuwa na tundu, hakikuwa na mshikio, wala hakikuonekana kuwa sehemu ya kitu chochote.

"Hiki ni nini?" dada akauliza.

"Ndiyo kazi yangu, mama. Nimekichonga pande zote sita."

"Kinafanya nini?"

"Hakifanyi kitu. Na kimekataliwa."

Usiku ule ule dada alinipigia simu. Alinikumbusha kwamba mimi ni mwandishi wa habari na milango mingi hunifungukia, basi niende nikaone mwanawe anafundishwa nini. Ada amelipa, miezi mitatu imekatika, na mtoto anamletea jiwe la chuma, tena lililokataliwa. Cherehani ya pili ipo kibandani, haina mtu wa kuikalia. Kama mambo ndiyo hayo, muhula ukiisha binti atakaa hapo.

Nadhani wazazi wengi wenye vijana katika vyuo vya ufundi wamepata kuiona hali hii. Kijana wa useremala huleta kigoda, wa ushonaji huleta shati, wa uashi huonyesha ukuta. Kijana wa mitambo huleta kipande cha chuma chenye nyuso sita, na hana maneno ya kumweleza mama yake. Kwa hiyo nilikwenda.

MASHINE NA JILIWA LAKE

Karakana ya chuo ilikuwa pana, yenye harufu ya mafuta na chuma kilichopata moto. Mpwa wangu nilimkuta amevaa ovaroli, mikono ameikunja juu ya viwiko, nywele zote zimefichwa ndani ya kofia. Hakuvaa pete wala saa, na mikono yake ilikuwa mitupu. Nilidhani ni uhaba wa glavu. Mwalimu alinieleza kwamba glavu ni marufuku karibu na mashine inayozunguka, kwa kuwa uzi mmoja ukinaswa, mkono wote hufuata.

Mwalimu huyo ni mtu wa makamo, mpole wa maneno, mwenye kovu refu kwenye kidole gumba. Nilimwamkia, akaitikia, akanikaribisha kwa utani: "Ndugu mwandishi, huyu mpwa wako amekwisha niharibia vipande viwili. Leo ni cha tatu, na cha nne sina."

Mashine yenyewe mafundi huiita milingi. Isichanganywe na mashine ya kusaga unga, ingawa Waingereza huzipa jina moja. Katika mashine ya kukereza, chuma ndicho kinachozunguka na kisu hutulia. Katika milingi mambo ni kinyume: kisu chenye meno mengi huzunguka, na chuma kimebanwa juu ya meza inayokwenda kushoto na kulia, mbele na nyuma, juu na chini. Asili ya mashine yenye meza ya namna hiyo, iliyobebwa na goti la chuma linalopanda na kushuka, kwa sehemu kubwa ni kazi ya Mmarekani Joseph R. Brown mwaka 1862. Yeye alikuwa akitafuta njia ya kuchonga mifereji iliyojiviringa ya visu vya kutobolea vyuma.

Juu ya meza limefungwa jiliwa, na hapa ndipo nilipoanza kuelewa. Jiliwa lina mataya mawili. Moja limesimama, halihami kamwe. Jingine hutembea linapokazwa kwa mkono wa skurubu. Mimi niliyaona kama meno ya koleo, yaani mawili yanayofanya kazi moja. Mwalimu alikataa kabisa wazo hilo.

"Taya linalotembea haliaminiki," alisema. "Ili litembee lazima liwe na nafasi, na kitu chenye nafasi hunyanyuka kidogo kinapokaza. Sisi tunaliamini lile moja lililosimama. Tumelipima likawa wima juu ya meza. Kazi yote ni kukiegemeza chuma kwenye taya hilo, na kuhakikisha hakuna kitu kinachokisukuma kando."

Kabla ya kuanza, mpwa wangu alipachika kwenye mhimili wa mashine kipimo chenye uso kama wa saa, ambacho mafundi hukiita dayo geji, akakitembeza kwenye taya lile toka mwanzo hadi mwisho. Mshale ulicheza kidogo tu. Kila mstari wa kipimo kile ni sehemu moja ya mia ya milimita. Unywele wa kichwa cha mtu ni kama mistari sita au saba.

VIPANDE VIWILI VILIVYOHARIBIKA

Kazi aliyopewa inaelezeka kwa sentensi moja. Apokee kipande cha chuma kilichokatwa kwa msumeno, chenye urefu wa milimita 106, upana 65 na unene 55, akifanye kiwe 100 kwa 60 kwa 50, nyuso zinazotazamana ziwe sambamba, na nyuso zinazokutana ziwe na pembe mraba, bila kukosea zaidi ya sehemu tano za mia ya milimita. Chuma cha kuondoa ni milimita tano au sita tu kila upande wa hesabu. Seremala aliyekosea huweza kuongeza kipande na gundi. Huku chuma kikipungua, kimepungua.

Kipande cha kwanza kilimshinda kwa ajili ya usafi. Alikuwa amekwisha chonga uso wa kwanza, ule mpana, ukang'aa. Akaugeuza akauegemeza kwenye taya lililosimama ili achonge uso wa pili. Hakuona kwamba chini, kati ya chuma na taya, ilibaki chembe ya randa la chuma, unene wake kama karatasi ya daftari, yaani sehemu moja ya kumi ya milimita. Taya lina kimo cha milimita 40. Chuma kikasukumwa chini kwa sehemu moja ya kumi, kikalala. Katika upana wa milimita 50 wa uso aliouchonga, ulalo ule ukazaa kosa la milimita 0.125, ambalo ni zaidi ya mara mbili ya kosa linaloruhusiwa.

Hayo yasingekuwa mabaya sana kama yangeishia hapo. Lakini uso wa tatu hupimwa kutokana na wa pili, na wa nne hutegemea hao waliotangulia. Alipomaliza, kila uso ulikuwa laini na wa kupendeza macho, na chuma kizima kilikuwa kimepinda kama kibanda kilichosukumwa na upepo. Hicho ndicho kilichowekwa mezani Mbagala.

Cha pili alikisafisha kwa brashi, kwa kitambaa, na mwishowe kwa kiganja, kwa sababu kiganja kisicho na glavu huhisi chembe ambayo jicho halioni. Kikaharibika kwa sababu nyingine, ambayo kwangu mimi ilikuwa ya ajabu zaidi. Wanafunzi hufundishwa kwamba chuma kikishabanwa kigongwe kwa nyundo laini kikae sawasawa chini. Naye alikigonga kwa bidii. Lakini katika hatua ya pili ule upande wa chini bado ni wa msumeno, una mabonde na vilima. Ukikilazimisha chuma kikae juu ya uso usio wa kweli, unakibandua kutoka uso wa kweli. Alikuwa mtiifu kwa kanuni mahali ambapo kanuni ile haikuwa na kazi.

Niliona haya kidogo niliposikia hayo, maana nami nimepata kuhariri habari kwa namna hiyo.

NANI ALINYOOSHA KINYOOSHEO?

Kuna swali lililokuwa likinisumbua tangu mwanzo, nikaona nilitoe. Chuma kinanyooka kwa sababu taya limenyooka. Taya lilinyooka kwa sababu ya mashine iliyolichonga kiwandani. Na ile mashine je? Ukienda nyuma hivyo utafika wapi?

Mwalimu alifurahi, nadhani kuliko alivyofurahia jambo jingine lolote siku ile. Alinipeleka kwenye bamba zito la jiwe jeusi lililosawazishwa, ambalo juu yake hupimwa kazi zote. Akaniambia kwamba ubapa wa kwanza haukunakiliwa kutoka mahali popote. Ulipatikana kwa mabamba matatu.

Chukua bamba la kwanza, alisema, ulipake rangi nyembamba ya buluu, ulisugue juu ya la pili. Palipopata rangi ndipo palipoinuka. Paparuze kidogo kwa mkono, urudie. Mwishowe mabamba hayo mawili yatakaa pamoja barabara. Lakini huwezi kujua kama ni bapa, kwa sababu huenda moja limebinuka kama mgongo wa kobe na jingine limebonyea kama sahani, na bado yanakaa pamoja. Sasa leta bamba la tatu. Lifanye likae na la kwanza, kisha ulijaribu juu ya la pili. Kama la kwanza lilikuwa limebinuka, la pili na la tatu yote yatakuwa yamebonyea, na sahani mbili zikifunikana huacha nafasi katikati. Endelea kuyazungusha na kuyaparuza mpaka kila moja likae na kila jingine. Hali hiyo haiwezekani ila yote matatu yakiwa bapa.

Aliyeitangaza sana njia hiyo ni Mwingereza Joseph Whitworth, aliyezaliwa mwaka 1803. Mwaka 1840 alisoma makala juu ya jambo hilo mbele ya mkutano wa wanasayansi uliofanyika Glasgow. Ujana wake aliwahi kufanya kazi katika karakana ya Henry Maudslay jijini London, ambamo ubapa ulikuwa ukiheshimiwa kama sheria. Maudslay alikuwa na chombo cha kupimia kilichopewa jina la Lord Chancellor, yaani hakimu mkuu wa Uingereza wa zama hizo, kwa kuwa mafundi walipobishana juu ya kipimo, uamuzi wa chombo kile haukukatiwa rufani.

Pembe mraba nayo inajaribiwa bila kumwamini mtu. Msomaji mwenye guniya nyumbani, ambayo vijana wa leo huiita skweya, anaweza kufanya hivi leo hii: aiegemeze kwenye ukingo ulionyooka wa ubao, achore mstari, aigeuze upande wa pili, achore mstari mwingine kutoka nukta ile ile. Mistari ikilaliana, guniya ni ya haki. Ikiachana, kosa la guniya ni nusu ya mwachano huo. Duka halina haja ya kuulizwa.

KIPANDE CHA TATU

Tuliporudi kwenye milingi, mpwa wangu alikuwa amekwisha hesabu mwendo. Kisu chake kilikuwa na kipenyo cha milimita 63. Kwa kisu cha aina ile na chuma laini, ncha za meno zisiende zaidi ya mita 25 hivi kwa dakika. Ukigawanya unapata mizunguko 126 kwa dakika. Gia iliyokuwa karibu ilikuwa 125. Aliniambia hesabu hiyo bila kuangalia daftari, huku akimwaga maji meupe ya kupozea, yanayofanana na maziwa ya unga yaliyozidi maji.

Uso wa kwanza ulikwenda haraka. Maranda yaliruka, yakaanguka yakiwa ya moto. Akasimamisha mashine, akangoja mpaka kisu kitulie kabisa, akakitoa chuma, akapitisha tupa kwenye kingo zote kuondoa makali. Akasafisha jiliwa. Akasafisha tena. Akapitisha kiganja.

Uso wa pili ndio wa hukumu. Aliuegemeza uso wa kwanza kwenye taya lililosimama, na kwa upande wa taya linalotembea akaweka kifimbo cha chuma cha mviringo, kinene kama kidole. Nilimwuliza kazi yake.

"Mjomba, huku nyuma bado kuna uso wa msumeno," alisema. "Taya likiugusa wote, litakipeleka chuma linakotaka lenyewe. Kifimbo kinagusa mstari mmoja tu. Kinasukuma, hakiamrishi."

Akakaza. Nyundo hakuigusa. Mwalimu, aliyekuwa akijifanya anashughulika na mwanafunzi mwingine, aligeuka akatazama, kisha akaendelea na shughuli yake.

Uso wa pili ulipotoka, waliupima kwa guniya dhidi ya dirisha. Chuma kinawekwa kati ya jicho na mwanga. Kama pana upenyo, mwanga hupita kama uzi mweupe. Hakukuwa na uzi. Kuanzia hapo nyundo iliruhusiwa. Kwa uso wa tatu, ule wa pili ulilala chini juu ya vyuma viwili vya kimo kimoja, viitwavyo paraleli. Mpwa wangu akagonga polepole huku akijaribu kuvitikisa vyuma vile kwa kidole mpaka vikakataa kutoka. Kwa uso wa nne kifimbo hakikuhitajika tena, kwa kuwa pande zote mbili zilizokutana na mataya zilikuwa zimekwisha kuwa za kweli. Zikabaki ncha mbili. Hapo chuma husimamishwa wima, na taya peke yake halitoshi, kwa sababu linakizuia kisilale upande mmoja tu. Upande wa pili unapimwa kwa guniya kabla ya kukaza, halafu unapimwa tena baada ya kukaza, maana mkazo nao husogeza.

Kazi hiyo yote, toka asubuhi, ilichukua muda wa saa tatu na nusu. Fundi mzoefu angeimaliza kwa chini ya saa moja. Sehemu kubwa ya saa hizo tatu na nusu mashine ilikuwa imezimwa, na binti alikuwa akifuta, akihisi kwa kiganja, akipima.

Mwalimu alikipima mwenyewe juu ya bamba la jiwe. Pembe mbaya kuliko zote ilikosea kwa sehemu tatu za mia. Upana 60.02. Unene 50.01. Urefu 99.88, na hapo akatikisa kichwa: ncha ya mwisho alikuwa amezungusha mkono wa mashine kwa haraka, pengine kwa ajili ya furaha. Akamkata alama za urefu, akagonga namba yake kwenye ncha ile ile fupi, akamrudishia. Wiki iliyofuata kipande kile kingeanza kutobolewa kuwa mwili wa jiliwa dogo la mkono. Tundu la skurubu yake lingepita katikati kabisa, jambo lisilowezekana katika kile cha kwanza, kwa kuwa tundu linalotobolewa kwenye kitu kilicholala nalo hulala. Ndivyo zinavyokufa beringi za mashine nyingi za unga mitaani: nyumba ya beringi ilichongwa na mtu aliyeamini macho, ekseli ikapita kishoroba, ikawa inapata moto, na mwenye mashine akabaki kulaumu grisi.

Binafsi naona walimu wetu wangefanya vema kuwaita wazazi siku moja wakaona kazi hii kwa macho. Sikuambiwa na mtu yeyote kwamba haiwezekani.

Jioni nilimsindikiza mpwa wangu hadi Mbagala. Dada alikuwa kibandani, amelaza kitenge mezani, anakata gauni la mteja. Nilimweleza habari za taya lililosimama, za uso wa kwanza na wa pili. Nilipofika kwenye wa tatu alinikatiza.

"Kwani mimi nakataje?" akasema, bila kuinua mkasi. "Naanza na ukingo wa kitambaa, ule wa kiwandani. Nikiupoteza ukingo huo, gauni zima litapinda, hata nishone kwa uzi wa dhahabu." Akamgeukia bintiye. "Kwa nini hukuniambia hivyo?"

Binti alinyamaza. Alifungua kile kitambaa, akakiweka kipande kipya kando ya kile cha zamani. Kwa macho yangu vilikuwa pacha. Dada aliviviringisha vyote viwili kwa vidole, akavisimamisha juu ya meza, akainama mpaka jicho lake likawa sawa na ubao, akatazama katikati yao kule kwenye taa ya barabarani. Alikaa hivyo kwa muda.

"Hiki kimelala," akasema, akikigusa cha kwanza. "Nitakitumia kubania kitambaa ninapokata. Hicho kingine kipake mafuta, kisipate kutu. Na karatasi ya ada ya muhula ujao iko wapi?"